Baada ya Shahada ya Uuguzi: Masomo Yamfuate Mgonjwa

Mhitimu wa shahada ya kwanza ya uuguzi nchini Tanzania husoma miaka minne, hufanya utarajali wa mwaka mmoja, kisha husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Leseni ikiwa bado mbichi mkononi, jamaa na wenzake humuuliza swali lilelile: atasoma nini tena? Wako wanaomhimiza aingie uzamili bila kuchelewa. Wako wanaomshauri auache uuguzi akasomee udaktari. Ni wachache wanaomuuliza ni mgonjwa yupi atakayenufaika na masomo hayo.

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee katika kata kama Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Muuguzi akienda masomoni kwa miaka miwili, nafasi yake haijazi yenyewe. Zahanati yenye wauguzi wawili ikibaki na mmoja, huyo mmoja ndiye atakayepima wajawazito asubuhi, kuchanja watoto mchana na kuamshwa usiku mama anaposhikwa na uchungu. Siku atakapougua yeye, mlango utafungwa. Kwa hiyo uamuzi unaoonekana kuwa wa mtu mmoja hugusa kijiji kizima.

Hata hivyo, si haki kumwambia muuguzi asisome kwa sababu anahitajika. Anayehitajika sana ndiye anayestahili kuongezewa ujuzi. Historia ya eneo hilohilo inafundisha jambo. Mwishoni mwa karne ya 19, Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya kusomea tiba katika kisiwa cha Malta. Alihudumia wagonjwa wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Elimu aliipata mbali sana, lakini matunda yake yaliliwa Karema. Umbali wa chuo, basi, haumwondoi mtaalamu kwa wagonjwa wake. Kinachomwondoa ni kukosa sababu ya kurudi.

Sababu hiyo hujengwa kabla ya safari. Mhitimu anayeanza kazi pembezoni afanye walau miaka miwili akiwa na daftari la kumbukumbu. Aandike ni wagonjwa gani aliowapa rufaa kwa kukosa ujuzi ambao angeweza kujifunza, ni wajawazito wangapi waliochelewa kufika, ni familia ngapi zilizomficha ndani mgonjwa wa akili. Daftari hilo litamwelekeza kwenye kozi inayofaa kuliko ushauri wa mtu aliye mbali na wodi.

Huenda likampeleka kwenye uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, wa afya ya akili, au wa uuguzi wa wagonjwa mahututi. Huenda pia likamwonyesha kwamba anachohitaji ni kozi fupi. Tangu mwaka 2017 vituo vingi vya afya nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji. Chumba hicho hakimsaidii mama anayehitaji kujifungua kwa upasuaji ikiwa hakuna wa kumpa dawa ya usingizi. Muuguzi aliyepata mafunzo ya mwaka mmoja ya utoaji wa dawa za usingizi aweza kuwa ndiye anayeufanya mlango huo ufunguke. Cheti chake hakina fahari ya uzamili, lakini mama aliyeokolewa hatamuuliza ana cheti gani.

Anayependa kufundisha au kupanga huduma za wilaya nzima ana njia yake: uzamili wa uuguzi au wa afya ya jamii. Anayetaka udaktari ana haki hiyo pia, ila ajue kwamba hapandi ngazi ya uuguzi. Anaanza taaluma nyingine yenye miaka mitano ya masomo na mwaka wa utarajali. Na ikiwa alisomeshwa kwa mkopo wa serikali, akumbuke kwamba asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa hadi deni liishe. Hesabu ya ada na ya familia ifanywe kabla ya barua ya kuomba ruhusa kuandikwa.

Lakini mzigo huu asibebeshwe muuguzi peke yake. Wahitimu wengi huikimbia pembezoni kwa hofu ya kusahaulika: kwamba aliye mbali hapati ruhusa ya masomo, na akisoma kwa fedha zake harekebishiwi cheo wala mshahara. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba za uzalendo. Huondolewa na halmashauri yenye mpango wa mafunzo ulioandikwa, unaotaja nani ataondoka mwaka gani, nani atashika nafasi yake, na atakaporudi atapangiwa kazi ipi. Muuguzi wa usingizi akirudi na kupangiwa dirisha la usajili, serikali, mgonjwa na yeye mwenyewe wamepata hasara.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2025, lilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023. Nchi tajiri zinawatafuta, na hakuna atakayewalaumu wanaokwenda. Atakayebaki abaki kwa sababu amepewa nafasi ya kukua hapo alipo.

Wagonjwa nao wana neno katika hili. Kamati za zahanati zina wawakilishi wa wananchi. Huko ndiko mahali pa kuuliza kwa nini hakuna mkunga wa zamu ya usiku, na kama yupo anayeandaliwa. Kijiji kinachojua muuguzi wake ameenda kusomea nini, na atarudi lini, kitamsubiri.