CHOO NI CHAKO, MAJI NI YA WOTE

Bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema maneno haya: "Kiwanja ni changu. Nyumba ni yangu. Tumbo ni langu. Nikienda haja chooni au kichakani, mwenzangu inamhusu nini?"

Wapo wanaosema hivyo kwa mzaha. Wapo wanaosema kwa hasira, hasa bwana afya anapopita na daftari lake. Tusiwacheke, wala tusiwakaripie. Swali lao ni swali zuri, na linastahili kujibiwa.

Ni kweli kwamba mtu ana uhuru wake. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ili watu wake wasiendeshwe kama watoto. Kabla ya hapo, mwaka 1955, wakulima wa Uluguru walikataa kuchimbishwa matuta kwa amri ya serikali ya mkoloni. Hawakuwa wavivu. Mlimani hakuna mvivu anayeishi. Walikataa kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo anayesema "mimi ni mtu huru" anasema jambo ambalo wazee wetu walilihangaikia.

Sasa tutazame ile haja iliyoachwa kichakani. Inakwenda wapi?

Mtu ameamka alfajiri. Amekwenda nyuma ya kichuguu, amemaliza, amerudi nyumbani. Yeye anaona jambo limekwisha. Lakini inzi wamefika pale kabla jua halijapanda. Kuku nao wamepita wakichakura. Mchana mvua imenyesha. Maji yameteremka kwenye korongo, korongo limeingia kijitoni, na kijitoni ndiko akina mama wanakochota maji ya kunywa. Jioni, kile alichokiacha kichakani kimeingia katika nyumba kumi, na hakuna hata nyumba moja iliyokikaribisha.

Hapo ndipo uhuru wake ulipokutana na uhuru wa wenzake. Jirani naye ni mtu huru. Naye ana haki ya kunywa maji bila kunywa uchafu wa mtu mwingine.

"Lakini mimi siumwi," atasema. "Mgonjwa ndiye achimbe choo."

Neno hili linadanganya watu wengi, kwa hiyo tulieleze vizuri. Ugonjwa wa kipindupindu huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huingia kwa mdomo, katika maji au chakula, na hutoka katika kinyesi. Watu wengi wanaoingiwa na vijidudu hivyo hawaumwi kabisa, au hupata kuhara kidogo tu. Hata hivyo, vinyesi vyao huweza kuwa na vijidudu kwa muda wa siku 1 mpaka siku 10. Mtu huyo anakwenda shambani, anakula, anacheka na watu. Anaweza kuwa anaeneza ugonjwa, na hajui. Hata wewe unayesoma hapa huwezi kujijua kwa kujitazama tu. Ndiyo maana choo ni cha mtu mzima kama kilivyo cha mgonjwa.

Kisa kimoja cha zamani kitatusaidia. Kilitokea mbali, katika jiji la London, Uingereza, mwaka 1854. Katika mtaa mmoja ulioitwa Broad Street palikuwa na kisima chenye pampu ya mkono. Watu wengi walikisifu kwa maji yake mazuri. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kikazuka. Katika siku kumi tu watu zaidi ya 500 walikufa katika mitaa ile. Daktari mmoja, John Snow, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza wafu walikuwa wakichota maji wapi. Wengi wao walikuwa wakichota pale. Aliwaendea wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Baadaye ilijulikana uchafu ulitoka wapi. Katika nyumba iliyokuwa karibu na kisima, mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara. Mama yake alifua nepi zake, akamwaga maji yale katika shimo la uchafu la nyumba yao. Shimo lile lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza. Uchafu ukapenya udongo ukaingia katika maji ya watu.

Mama yule hakutaka kumdhuru mtu. Alikuwa akimuuguza mtoto wake ndani ya nyumba yake. Alifanya kama mama yeyote. Na siku zile watu wengi, hata madaktari, waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Yeye hakujua. Sisi tunajua, na anayejua hawezi kujitetea kama asiyejua.

Tena kisa hiki kinatuonya juu ya jambo ambalo hata wenye vyoo vizuri hulisahau. Katika vijiji vingi mkubwa anakwenda chooni, lakini kinyesi cha mtoto hutupwa nyuma ya nyumba au jalalani. Watu husema, "Ni cha mtoto, hakina neno." Kina neno sana. Watoto ndio wanaohara mara nyingi zaidi kuliko wakubwa. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, na maji ya kufulia nepi yamwagwe chooni, siyo kisimani wala kijitoni.

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu walikaa katika vikundi kusikiliza redio. Walisoma vitabu vidogo, wakajadiliana, kisha wakakata shauri nini kifanyike kijijini kwao. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo laki kadhaa vilichimbwa. Mimi naamini kazi ile ilifaulu kwa sababu watu walizungumza kwanza. Mtu alichimba choo akijua sababu yake.

Lakini shimo la mwaka 1973 haliwezi kumfaa mjukuu. Mashimo hujaa, kuta huanguka, na mazungumzo husahauliwa. Tangu mwaka 1977 kipindupindu kimekuwa kikirudi nchini mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 uliendelea mpaka mwaka 2018. Katika mlipuko huo watu zaidi ya 30,000 waliugua, na zaidi ya 500 walikufa.

Je, sheria haitoshi? Sheria ipo. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, na vijiji vingi vimetunga sheria ya vyoo. Asiye na choo hutozwa faini. Mimi sipingi faini. Mtu anayeharibu maji ya kijiji kizima kwa ukaidi anastahili kutozwa.

Lakini tuseme ukweli. Vipo vyoo vilivyojengwa kwa ajili ya bwana afya tu. Ukifungua mlango unakuta majembe, magunia ya mahindi au kuku anayeatamia. Vingine vina kufuli, vinangoja mgeni. Njia ya kwenda chooni imeota majani, na njia ya kwenda kichakani imekuwa nyeupe kwa kukanyagwa. Mwenye choo hicho hatozwi hata senti moja, maana karatasi inasema ana choo. Na bwana afya hawezi kumfuata kila mtu kila alfajiri. Hata angeweza, nani angependa kuishi katika kijiji cha namna hiyo?

Kwa hiyo ile sehemu iliyobaki ni ya mtu mwenyewe. Wakati ule akiwa peke yake, giza halijaisha, hakuna anayemwona, yeye ndiye anayeamua aende kulia au kushoto. Hapo ana uhuru wote. Na hapo pia ana mzigo wote.

Tena sheria ndogo haitungwi na mtu mmoja. Wanakijiji huitwa mkutanoni watoe maoni yao kwanza, ndipo sheria ipelekwe halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Wako watu ambao siku ya mkutano huenda kilabuni, kisha siku ya faini wanalalamika kwamba wameonewa. Nendeni mkutanoni. Kama faini ni kubwa mno, semeni palepale. Kama ardhi yenu ni ya mawe au ya mchanga unaobomoka, semeni, ili mtafute fundi wa kuwaonyesha namna ya kujengea shimo.

Na kijiji nacho kina deni. Fikiria bibi wa miaka 75, anaishi na wajukuu wawili wadogo. Hana nguvu ya kuchimba futi kumi. Hana fedha ya kumlipa kibarua. Kumtoza faini bibi huyu ni kumnyang'anya kuku wake wa mwisho, na choo bado hakipo. Kijiji kinachodai choo kwa kila nyumba kiwe tayari kumchimbia asiyeweza. Vijana wanne na majembe mawili, siku chache tu. Akishachimbiwa, ndipo tumdai akitumie.

Liko jambo jingine gumu zaidi, nalo ni kuficha ugonjwa. Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, ndugu zake huogopa aibu. Wanaogopa nyumba itasemwa, biashara ya mama itakufa, watu hawatapita mlangoni. Wanamfungia ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa kipindupindu kilio hakichelewi. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa moja. Asipotibiwa anaweza kufa siku ileile. Akitibiwa mapema, karibu wote hupona.

Basi mpe maji ya chumvi na sukari mara moja. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu. Koroga. Mnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka zahanati. Usisubiri maji haya yamponye ndipo uamue. Na mwambie mwenyekiti wa kitongoji, au mhudumu wa afya, ili majirani wachemshe maji yao siku hiyohiyo. Ukinyamaza unailinda aibu yako kwa roho za watoto wa jirani.

Na akifa? Hapa pagumu kuliko pote. Mfiwa ana haki ya kumzika mtu wake kwa heshima na kwa dini yake. Lakini maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu bado ina vijidudu. Wanaoiosha wanaweza kushika vijidudu hivyo, kisha wakapika chakula cha matanga, na watu mia wakala kwa mikono. Kwa njia hiyo msiba mmoja huzaa misiba kumi.

Wataalamu wa afya hawakatazi dua wala kaburi. Wanachoomba ni kwamba maiti ioshwe na wenye mafunzo, kwa maji yenye dawa ya klorini, na watu wasile pamoja msibani. Tunajua ombi hili ni zito. Kuchimba choo ni kazi ya mikono, lakini kumwachia mtu mwingine maiti ya mama yako ni kazi ya moyo. Kwa hiyo wale wanaotumwa kuliomba waliombe kwa adabu. Wakae chini na wafiwa. Wasije na gari na kelele kama wanakamata mwizi. Na majirani watusaidie: anayempelekea mfiwa unga na kuni, akaketi naye kutwa, kisha akarudi kula kwake, hajamkosea mfiwa.

Sasa turudi kwenye shimo lako. Leo kabla ya giza lichungulie, au lipime kwa fito ndefu. Kama uchafu umefika nusu mita kutoka juu, usingoje. Lifukie kwa udongo na uchimbe jingine wakati ardhi bado ni kavu. Liwe mbali na kisima, hatua ndefu 30 au zaidi, na liwe upande wa chini wa kisima, siyo upande wa juu. Weka mfuniko wa mbao juu ya tundu. Weka kopo la jivu ndani, na nje ya mlango tundika kibuyu cha maji na kipande cha sabuni. Wale wa mikoa ya masika wamalize kabla ya mwezi Machi. Na ukiwa njiani kwenda kuazima sururu, mpitie yule bibi umwulize shimo lake limefika wapi.