Mahitaji ya Mboga na Matunda Yaongezeka, Hatima ya Mkulima Yaamuliwa Baada ya Mavuno

Ongezeko la mahitaji ya matunda na mboga mbichi katika miji ya Tanzania limewafungulia wakulima wadogo soko la uhakika. Hata hivyo, manufaa ya soko hilo hayategemei wingi wa mavuno pekee, bali pia namna mazao yanavyohifadhiwa, yanavyofungashwa na yanavyosafirishwa hadi kumfikia mlaji.

Sababu za ongezeko hilo ziko wazi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ambao wengi wao hununua mboga badala ya kulima. Aidha, elimu ya lishe imepanuka kutokana na tishio la kisukari na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Kabichi na karoti za Lushoto husafiri zaidi ya kilomita 300 kufika Dar es Salaam. Nyanya zinazochumwa juani na kubanwa kwenye matenga hupondeka kabla ya kufika sokoni. Hasara hiyo hulipwa na pande mbili: mfanyabiashara hushusha bei anayomlipa mkulima ili kufidia zitakazooza, kisha humpandishia bei mlaji kwa zile zilizosalimika.

Mkulima hupunjwa pia kupitia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuuzwa kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukihimiza mazao yauzwe kwa mizani badala ya kukadiriwa kwa macho. Mkulima anayejua uzito wa mzigo wake huingia katika mazungumzo ya bei akiwa na hoja mkononi.

Suala la usalama nalo lina uzito wake. Viuatilifu vingi vina muda maalumu wa kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna. Mahitaji yanapokuwa makubwa, kishawishi cha kuvuna mapema huongezeka, na madhara yake humwangukia mlaji ambaye hana namna ya kuyatambua kwa macho. Hapo ndipo umuhimu wa maafisa ugani, pamoja na usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), unapoonekana.

Mfano wa kuigwa upo. Parachichi za Njombe na Rungwe zinazouzwa nje hupangwa kwa madaraja, huhifadhiwa katika ubaridi na hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, kwa kuwa mnunuzi wa nje hakubali pungufu ya hapo. Mlaji wa Kariakoo, Mwanza au Dodoma anastahili uangalifu huo huo.

Baadhi ya hatua hazihitaji mtaji mkubwa: kuvuna alfajiri, kuweka mazao kivulini, kutumia kreti badala ya magunia na kuuza kwa kilo kupitia vikundi. Vyumba vya ubaridi katika vituo vya kukusanyia mazao vinahitaji uwekezaji wa pamoja wa halmashauri, ushirika na sekta binafsi. Bila hatua hizo, mahitaji yataendelea kukua, lakini sehemu ya jasho la mkulima itaendelea kuozea njiani.