Kutaka Kuona Mbali Si Ubabi

Nimechoka na ule utani. Mtu akisema anatafuta keja Tassia, Kayole au Pipeline na angetaka dirisha linaloona mbali, wasee wanaangua kicheko. Ati huo ni ubabi. Ati mandhari ni mambo ya Lavington na Runda. Wewe wa Eastlando uliza maji huja siku gani, tokeni ni yako peke yako au mnachanga, na geti hufungwa saa ngapi. Ukishajibiwa, lipa dipoziti unyamaze.

Mimi nasema swali la dirisha ndilo la kwanza. Liulize kabla ya maji. Maji yakikosa utanunua mtungi kwa jamaa wa mkokoteni, na geti likifungwa utampigia keateka simu. Lakini hakuna mkokoteni unaoleta jua kwenye dirisha linalotazama ukuta. Utaishi nalo hivyo hadi siku utakapohama, na wengi wetu hatuhami ovyo, kwa sababu kuhama ni kukodi pikapu, ni dipoziti nyingine, ni kuanza upya na mama mboga asiyekujua na asiyeweza kukukopesha sukuma ya ishirini.

Twende Pipeline, maana huko ndiko mambo yamefika mwisho. Ploti za gorofa saba, nane, na nyingine zaidi ya hapo, zimesimama bega kwa bega, na kati ya moja na nyingine kuna mahali mtu anapita kiubavu tu. Mtu wa gorofa ya tatu anaweza kumpa jirani wa ploti ya pili chumvi bila kushuka kitandani. Kuna vyumba ambavyo dirisha lao la pekee linafunguka kwenye korido. Korido yenyewe inapata mwanga kutoka kwa shimo lililoachwa katikati ya jengo, na mwanga huo ukifika gorofa ya pili umeshachoka. Unaamka saa mbili asubuhi na kitu cha kwanza unachofanya ni kuwasha taa.

Marie Huchzermeyer, profesa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alitoa kitabu mwaka 2011 kiitwacho Tenement Cities, akilinganisha ploti za Nairobi na nyumba za kupanga za Berlin ya karne ya 19. Zile za Berlin zilikuwa na sifa mbaya Ulaya nzima kwa giza na msongamano. Ila sheria ya ujenzi ya Berlin ya mwaka 1853 ilitaka ua wa ndani uwe na angalau mita 5.34 kila upande, ili pampu ya kuzima moto iweze kuingia na kugeuka. Mita tano na kitu! Hawakuwa wanamfikiria mpangaji wala jua lake, walifikiria moto tu, na bado wakamwachia anga kuliko tunayoachiwa sisi leo. Nenda Pipeline na futi yako upime lile shimo la katikati.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba siku hizi kuna taa za LED, hazimalizi tokeni, giza si gharama. Sawa, kuhusu taa nakubali. Lakini stima ikipotea saa saba mchana, chumba chako ni usiku wa manane na cha jirani wa gorofa ya juu bado ni mchana. Nguo zinakauka siku mbili na zikikauka zinanuka kama kitambaa cha kupangusia meza. Ukuta unaota ukungu nyuma ya kitanda. Mtoto anakohoa, mnabadilisha dawa, hakuna anayeangalia ukuta. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana, na tangu hapo naandika kazi za kuokota humu mtandaoni; chumba ndicho ofisi. Nimeandika katika chumba cha giza na nimeandika katika chumba cha mwanga, na hakuna mtu ataniambia ni kitu kimoja.

Halafu hatukufika hapa kwa bahati mbaya. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaanza kukua, Wazungu walichukua matuta ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu, miti na miinuko. Mwafrika akasukumwa uwanda wa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mpango mkuu wa mji wa 1948, ulioandikwa na wataalamu waliotoka Afrika Kusini, ukaja kuukuta mgawanyo huo na kuupa lugha ya kitaalamu. Hata mito ilifuata mpango: Mto Nairobi, Mathare na Ngong inatiririka kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hivyo kule inapita katikati ya bustani, na ikifika kwetu imeshaokota kila kitu njiani.

Kule juu, nyumba ya kando ya mto ni bei ghali. Kwetu kando ya mto ndipo anapoishi mtu asiye na pa kwenda. Jengo la Huruma lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, na kuua watu wasiopungua 49, lilikuwa kando ya mto. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, serikali iliamuru watu watoke mita 30 kutoka kingo za mito, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Sitetei kujenga kwenye kingo za mito. Nauliza tu kwa nini mto uleule unakuwa mandhari kwa mmoja na hukumu kwa mwingine.

Cha kuudhi zaidi ni hiki. Pita Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940. Nyumba za chini, nyasi katikati, miti mikubwa, uwanja. Hawakujenga hivyo kwa kutupenda. Ilikuwa serikali ya kipande, ikitaka kibarua mtulivu anayelala karibu na kazi. Lakini simama pale kwenye nyasi utazame juu: kuna anga. Sasa vuka uende mtaa uliojengwa na ndugu yetu, mwenye lugha yetu, baada ya uhuru, baada ya katiba mpya, na utazame juu. Utaona kamba za nguo na kipande cha mbingu chenye upana wa taulo. Umoja ilianza miaka ya sabini ikiwa nyumba za chini za mpango. Leo sehemu kubwa ni ploti za gorofa zilizopandwa pale palipokuwa na nyumba ya familia moja. Buru nayo inaenda huko polepole, ekstensheni moja baada ya nyingine, kila mtu akila ua wake na kivuli cha jirani.

Na si kwamba Eastlands haina cha kutazama. Hilo ndilo linanikera kwenye utani huu, kwamba hata sisi wenyewe tumeamini. Panda paa la ploti yoyote ndefu Kayole au Donholm saa kumi na mbili asubuhi, siku iliyofuata mvua. Kaskazini, hewa ikiwa safi, Mlima Kenya upo, mdogo na mkali kama jino. Upande wa kaskazini mashariki kuna Kilimambogo, peke yake uwandani. Kusini ndege zinashuka JKIA moja nyuma ya nyingine, taa zikiwaka bado, na nyuma yake tambarare ya kuelekea Athi River. Jioni ndiyo kabisa. Kwa kuwa tuko mashariki, jua linazama nyuma ya mji: KICC, Britam, UAP, yote yamekuwa meusi, na Vilima vya Ngong vimelala nyuma yake. Mtu wa Lavington hapati picha hii. Yeye akitazama machweo ameupa mji kisogo.

Upande wa pili utaona pia jaa la Dandora, moshi wake na makorongo yake. Silifichi. Lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na malori bado yanapanga foleni, na utafiti uliotolewa na UNEP mwaka 2007 ulikuta nusu ya watoto waliopimwa karibu na hapo wana madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Basi afadhali uone. Mwenye dirisha anajua leo upepo unapeleka moshi wapi, anaondoa nguo kwenye kamba, anafunga. Asiye na dirisha anavuta moshi uleule akidhani ni jirani anachoma takataka.

Sasa tuulize nani hasa ana ubabi. Wakazi wa Rhapta Road kule Westlands walipoona maghorofa marefu yanakuja, waliwapeleka wajenzi mahakamani. Walipinga msongamano, maji taka, kivuli. Magazeti yaliandika kwa heshima, mawakili wakasimama, na hakuna aliyesema hao ni watu wa kujishaua. Mbona mwalimu wa nasari wa Tassia akisema hataki ukuta mbele ya dirisha anaambiwa arudi kwao mashambani akatazame milima?

Tofauti najua iko wapi. Yule wa Rhapta ana hati ya nyumba. Mpangaji hana chochote isipokuwa risiti ya M-Pesa. Ploti iliyokabiliana na niliyokuwa nakaa ilipandishwa kutoka gorofa nne hadi saba katika mwaka mmoja. Mawe yalipandishwa kila siku, kanjo walikuja mara mbili, wakaongea na fundi kando ya geti, wakaenda. Upande wetu mzima ukaingia giza. Tulipomuuliza mwenye ploti yetu kama kodi itashuka, alicheka kwa upole kabisa na kusema kwenye makubaliano hakuna mahali palipoandikwa jua. Na kweli hapakuwa. Vyumba vya juu, ambavyo bado vilikuwa na mwanga, alivipandisha elfu moja.

Kwa hiyo mwanga wa Eastlands umeshakuwa na bei, sisi tu ndio tunajifanya hatuuoni. Anayeweza kupanda gorofa ya nane bila lifti, na mtungi wa lita ishirini siku ambayo pampu haifikishi maji, anaupata kwa magoti yake. Mama mwenye mapacha hawezi. Mzee mwenye shinikizo la damu hawezi. Wanabaki chini gizani, na paa, ambalo lingekuwa la wote, lina kufuli na ufunguo uko na keateka, ati watu wataharibu tangi.

Na kuna maghorofa mengine yanakuja, ya serikali. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mitaa ya zamani ya Eastlands, Makongeni na Shauri Moyo ikiwemo, imo kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa kwenda juu. Sipingi nyumba, choo cha kushare na bati linalovuja si urithi wa kulindwa. Lakini tazama picha zao. Zote zimechorwa kutoka angani, kama zimepigwa na droni: majengo meupe, miti midogo, gari moja jekundu. Sijaona hata moja iliyochorwa kutoka ndani, kutoka kwenye sinki ya jikoni ya gorofa ya pili, kuonyesha mtu anayeosha vyombo pale atakuwa anatazama nini. Kwenye mikutano ya wananchi watu huuliza nani atapewa na kwa bei gani, na wana haki. Waulize na hili. Kati ya jengo na jengo ni mita ngapi? Uwanja wa watoto unabaki au ndio paking?

Wakati huo hayajajibiwa, wewe unayetafuta keja mwisho wa mwezi huu, fanya hivi. Ajenti atakutaka ada ya kuona nyumba, mia tano au elfu nzima. Usitoe kabla hajakuambia dirisha liko upande gani, maana unalipia kuona na kwa nini ulipie kuona ukuta. Usiende asubuhi ukiwa na haraka ya kazi. Nenda saa tisa mchana, ingia chumbani, zima taa, funga mlango, toa gazeti au hata bahasha, ujaribu kusoma. Gusa ukuta ulio nyuma ya mahali kitanda kitakaa. Uliza ufunguo wa paa uko na nani. Mwulize mpangaji wa jirani, si keateka, nguo hukauka siku ngapi.

Kisha tazama ploti inayofuata. Ikiwa ni mabati leo, jua si mabati milele. Ikiwa ni jengo fupi, angalia juu ya slabu yake. Ukiona vyuma vimeachwa vinachomoza, vimevikwa chupa za plastiki visiote kutu, mwenye hiyo ploti hajamaliza. Uliza ni ya nani na anajenga lini. Na ukikuta lori la mawe ya Ndarugo limepaki hapo nje, usilipe dipoziti.