Usiilaumu Kerneli, Nahodha Uliyemweka Ni Kiziwi

Leo nataka ugomvi kidogo.

Nimechoka kusikia waandishi wa programu wakilalamika eti Docker inachelewa kufa. Unaiambia kontena isimame, unahesabu sekunde 10, ndipo inazimika. Dawa wanayopeana ni kill -9, twende kazi. Wengine huongeza muda wa kusubiri ufike sekunde 60. Hiyo si dawa, bwana. Ni kumpa kiziwi muda zaidi wa kusikia.

Hebu tuangalie kerneli ya Linux inafanya nini. Tangu toleo la 2.6.24, lililotoka Januari 2008, kundi la prosesi laweza kupewa uwanja wake wa namba. Prosesi ya kwanza humo hujiona namba 1, ingawa nje inajulikana kwa namba nyingine, tuseme 4821. Walio ndani hawawaoni wa nje, basi hawawezi kuwatumia ishara. Wa nje, kwenye uwanja mzazi, wanawaona wa ndani.

Namba 1 ni nahodha. Akifa, kerneli inawaua kwa SIGKILL wote waliobaki mle. Ndiyo maana analindwa: ishara ambayo hakuiandalia mpokezi haimgusi. Wa ndani hawamuui hata kwa SIGKILL. SIGTERM ya kutoka nje nayo hutupwa kama hakujiandaa. Ni SIGKILL na SIGSTOP za nje tu zisizozuilika.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunaanzisha programu kupitia sheli, sheli inabaki namba 1. SIGTERM ikija, sheli haina habari nayo wala haimpitishii mtoto wake. Sekunde 10 zikiisha Docker inatuma SIGKILL, na programu yako inakatwa kichwa bila kusikia neno. Ikiwa ilikuwa katikati ya kuandika malipo, mtu kalipa na rekodi haipo. Mama anayeuza samaki hapa Bodo hajui SIGTERM ni mdudu gani. Anajua pesa zimetoka.

Wapo watakaosema kosa ni la kerneli: mbona programu hiyohiyo kwenye laptopu inakufa mara moja? Kwa sababu huko si namba 1, na kawaida ya SIGTERM ni kuua. Lakini ondoa kinga hiyo uone. Prosesi yoyote mle ndani yenye ruhusa ingemuua nahodha, na chombo kizima kingezama naye.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kwenye skripti ya kuanzisha, tumia exec ili programu ichukue nafasi ya sheli kwa namba ileile. Ndani ya programu, pokea SIGTERM: acha kupokea kazi mpya, maliza iliyo mkononi, funga hifadhidata, toka. Kama huwezi, anzisha kontena kwa --init, uwekewe nahodha mdogo anayepitisha ishara kwa programu yako.

Kisha pima mwenyewe. Simamisha kontena. Ikichukua sekunde 10 kamili na kutoka na namba 137, yaani 128 ujumlishe 9 ya SIGKILL, jua programu yako haikuaga. Imeuliwa.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Ila asije na kill -9.