Kabla ya Kuuza Mtamba Ukaone Roketi

Mzazi mmoja wa Ainabkoi anataka ushauri. Binti yake yuko shule ya upili, na tangu tarehe 15 Aprili 2023, siku setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 iliporushwa, msichana huyo hana wimbo mwingine ila roketi. Baba amemwahidi kwamba akipita vizuri atampeleka akaone moja ikipaa, kwa macho yake, si kwa televisheni. Ahadi ni deni, na baba ana mtamba ambaye yuko tayari kumpeleka sokoni ili alilipe. Swali lake ni hili: huko Malindi roketi hurushwa lini? Na kama si Malindi, aende wapi?

Nianze na lile litakalomuuma. Malindi hapana roketi ya kungojea. Ya mwisho kupeleka setilaiti angani kutoka pwani yetu iliruka tarehe 25 Machi 1988. Wengi wetu husikia habari za kituo cha San Marco tukadhani shughuli ingali inaendelea kama zamani. La hasha. Antena zipo, na zimetumika kufuatia roketi za Ulaya zinaporushwa kutoka Kourou, kule Guiana ya Wafaransa, lakini moto na ngurumo vilikwisha zamani.

Hata hivyo binti wa Ainabkoi afaa kujua kwamba mambo haya si ya wageni peke yao. Miaka ya 1960 Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alileta majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Moja liliitwa San Marco na jingine Santa Rita. Roketi zilizotumika zilikuwa za Marekani za aina ya Scout, zenye vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, urefu wake wote kama mita 23. Kuanzia mwaka 1967 hadi ule wa 1988 setilaiti tisa zilipanda kutoka hapo. Iliyo mashuhuri zaidi iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za Jamhuri, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni, na kazi yake iliwasaidia wataalamu kutambua kwamba yale mashimo meusi wanayoyataja kweli yapo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2002. Ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima?

Sasa, mbona Mwitaliano atoke Roma aje Ngomeni? Hapa ningependa mzazi akae na mwanawe mezani, wachukue chungwa na kijiti. Dunia huzunguka. Mtu aliye kwenye ikweta huzungushwa kilomita 40,000 kwa saa 24, yaani karibu kilomita 1,670 kila saa, hata kama amelala usingizi. Kadiri unavyokaribia ncha za dunia, mwendo huo hupungua. Setilaiti, ili isianguke, yahitaji kukimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwa hiyo ukirusha roketi karibu na ikweta ukaielekeza mashariki, upande dunia inakozunguka, unaanza safari ukiwa tayari umesukumwa bure. Ni kama mtu anayeruka kutoka kwenye matwana inayotembea: hata kabla hajatumia miguu yake ana mwendo. (Makanga wanajua elimu hii bila kuisoma.)

Msichana mwerevu atauliza mara moja: ikweta si inapita hapa petu, kusini kidogo ya Timboroa? Mbona roketi zisirushwe Ainabkoi, tena juu huku ambako hewa ni nyepesi? Swali zuri sana, na jibu lake liko upande wa mashariki. Roketi hupanda ikiacha vipande vyake nyuma. Kipande kikimaliza fueli hukatika kikaanguka. Ukirusha kutoka Ainabkoi, chuma hicho kitawaangukia watu wa Bonde la Kerio, Baringo na Laikipia pamoja na mifugo yao. Mashariki ya Ngomeni hakuna mtu, ni Bahari ya Hindi tupu. Na wala si mzaha: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema baada ya uchunguzi wa awali kwamba ilikuwa pete ya roketi. Bahati njema haikumpata mtu.

Basi kama mfuko ni mdogo, safari ya kwanza na iwe ya Ngomeni, mradi mtoto aambiwe mapema kwamba anaenda kuona mahali na si mruko. Kutoka Ainabkoi unashuka hadi Burnt Forest, unaingia barabara kuu ya Nakuru, unalala Nairobi. Asubuhi unapanda gari-moshi la reli mpya hadi Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 kwa barabara, kisha unafuata njia ya kwenda Garsen hadi Gongoni, penye mashamba ya chumvi, na hapo unakata kuelekea baharini. Makoti ya Ainabkoi yaachwe nyumbani, kwa maana joto la huko halina huruma. Kituo chenyewe kiko chini ya Waitaliano kwa mkataba na serikali yetu na hakiingiwi ovyo. Barua iandikwe mapema, na afadhali iandikwe na shule kuliko mzazi mmoja, kwa sababu darasa zima likiomba ruhusa huwa na uzito. Huenda pia gharama ya basi ikagawanywa na mtamba akapona.

Lakini najua mzee hataridhika. Ahadi ilikuwa roketi inayopaa, si nguzo za chuma baharini. Haya, tuende mbali.

Jambo ambalo wauzaji wa tikiti za ndege hawatakuambia ni kwamba tarehe ya roketi si kama tarehe ya arusi. Ni kama tarehe ya mvua. Upepo ukizidi, valvu ikivuja, wingu la radi likikaribia, mashua ya mtu ikipotea njia ikaingia sehemu iliyokatazwa, shughuli huahirishwa, pengine zikiwa zimebaki sekunde chache. Taifa-1 yetu wenyewe iliahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa kabla ya kuondoka Vandenberg, California. Na roketi kubwa ya Artemis I ilikuwa ipae kutoka Florida tarehe 29 Agosti 2022. Watu walifurika. Ikashindikana. Wakaambiwa tarehe 3 Septemba, ikashindikana tena. Ilipaa tarehe 16 Novemba. Hebu fikiria mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya tarehe 29 Agosti, akawa na likizo ya siku nne. Angekuwa amerudi kukama kitambo, na mtoto akimtazama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usichague roketi, chagua mahali, kisha ukae. Florida ndiko roketi zinakopaa kwa wingi. Mwaka 2024 zilipita 90 kutoka ufuo ule mmoja. Ukikaa siku kumi, moja ikikuponyoka huenda ukapata nyingine. Wala si lazima ununue tikiti ya kuingia kituoni. Watu hutazama bure kutoka Titusville, ng'ambo ya maji, na kutoka fukwe za Cocoa Beach. Ukichagua wiki zenye roketi za kawaida, zile za kupeleka setilaiti, vyumba huwa nafuu kuliko wiki ya roketi kubwa inayotangazwa kila mahali. India nayo ina kituo chake kwenye kisiwa cha Sriharikota, kaskazini ya Chennai, na tangu 2019 kuna jukwaa la watazamaji wanaojiandikisha mapema. Nauli huenda ikapungua, lakini roketi za huko ni chache mno kwa mwaka, na ikiahirishwa huna ya akiba. Uliza kwanza kama wageni wanapokelewa siku hiyo. Na anayetoka Kenya kwenda India sharti awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutumika siku kumi baada ya sindano. Usichanjwe ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Viza ndiyo mlima wenyewe. Kwa Marekani ada ya maombi hairudishwi hata ukinyimwa, na nafasi ya kuhojiwa huweza kungojewa miezi. Mtoto aombewe yake, na kama anasafiri na mzazi mmoja, barua ya idhini ya mwenzake iwe mkononi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hoteli ishikwe kwa masharti ya kubadilisha tarehe. Ndege vilevile, hata kama tikiti ya namna hiyo ni ghali kidogo. Hapa ndipo watu hubania shilingi wakapoteza noti.

Na je, siku ikifika utaona nini? Mwambie binti asitarajie yale ya sinema. Kwanza ni mwanga, mkali kama wa mtu anayechomelea chuma, bila sauti yoyote. Roketi inainuka kimya, na walio wageni hudhani kuna kasoro. Titusville iko karibu kilomita 19 kutoka jukwaa kubwa. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngurumo inakuja karibu dakika nzima baadaye, ikitetemesha kifua. Mpe saa ahesabu tangu mwanga hadi ngurumo, apime umbali yeye mwenyewe. Dakika chache baadaye kila kitu kimekwisha. Asishike kamera muda wote. Picha nzuri kuliko zake zitakuwa magazetini kesho yake. Darubini ndogo ya mkononi yatosha.

Nikirudi kwa mtamba, mzee wangu, hesabu yangu ni hii. Pasipoti zitafutwe sasa, kwa pesa za viazi. Barua ya Ngomeni iandikwe muhula huu. Viza ziombwe baada ya hapo. Ng'ombe na abaki zizini hadi viza zote mbili zigongwe muhuri, yako na ya mtoto, na kufikia wakati huo huenda awe amezaa na maziwa yake yakalipia hoteli.