Shoka la George na Meno ya Kiboko

Ndugu zangu mlioko nyumbani, leo sina habari za baridi wala za kodi ya nyumba. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ninyi, hasa ninyi mnaowaambia watoto wetu eti wajifunze ukweli kwa waasisi wa Marekani.

Hadithi mnaijua. George Washington, mtoto wa miaka sita, kapewa kishoka, kaenda kukijaribia kwenye mcheri wa baba yake. (Cheri ni vitunda vyekundu, chukulieni kunazi iliyonawiri.) Mzee kauona mti umeharibika, kauliza nani kafanya haya. Mtoto kajibu kwamba yeye hawezi kusema uongo, ni yeye na kishoka chake. Baba, badala ya kutafuta fimbo, kamkumbatia kwa furaha. Sasa mimi nawauliza ninyi wazazi: ni mzee gani mnayemfahamu, wa Tanga au wa Moshi, ambaye mti wake wa matunda utakatwa naye atoe kumbatio? Hapo tu mngeshtuka.

Hadithi hiyo imetungwa, jamani. Aliyeieneza anajulikana kwa jina: Mason Locke Weems, mchungaji aliyekuwa akizunguka na vitabu vya kuuza. Washington alifariki Desemba 1799, na kitabu cha Weems juu ya maisha yake kikatoka mwaka 1800, yaani biashara haikungoja hata kaburi likauke. Na humo ndani mcheri haumo! Uliota baadaye, katika toleo la tano, 1806, wakati baba na mwana wote wako chini ya udongo na hakuna wa kubisha. Kwa hiyo hadithi ya kuwakanya watoto wasiseme uongo, yenyewe ni uongo. Wamarekani wenyewe wanalisema hili waziwazi, hata pale Mount Vernon, nyumba yake ambayo siku hizi ni makumbusho. Mliobaki kuapa kwa ule mti ni ninyi.

Ziko nyingine za kucheka tu. Eti alirusha dola ya fedha ikavuka mto Potomac. Mto huo pale mbele ya nyumba yake una upana wa karibu maili moja, na serikali ya Marekani ilianza kutengeneza dola za fedha mwaka 1794, mzee ana miaka 62. Eti bendera ya kwanza ilishonwa na mama mmoja aitwaye Betsy Ross, Washington mwenyewe kaja dukani kuagiza; habari hiyo ilitangazwa na mjukuu wa huyo mama mwaka 1870, karibu miaka mia baadaye. Na ajabu ni kwamba lililo la kweli ndilo lisiloaminika: John Adams na Thomas Jefferson, waliopigania uhuru pamoja kisha wakagombana kisha wakapatana, walifariki siku moja, Julai 4, 1826, Azimio la Uhuru likitimiza miaka 50 kamili. Hilo Weems hakulitunga.

Ingekuwa kucheka peke yake nisingepoteza usingizi. Lakini kila nikipiga simu nakutana na hoja ile ile ya mjomba: "Wenzenu walijengwa na watu wakweli, ndiyo maana wameendelea. Sisi tumezaliwa na uongo." Mjomba huyu huyu ukimgusia zile habari za fimbo ya Mwalimu kuwa na nguvu za ajabu, anacheka mpaka anakohoa, anasema huo ni uzushi wa watu wasiosoma. Fimbo ni uzushi, kishoka ni historia! Kwa nini? Kwa sababu kishoka kimeshikwa na Mzungu?

Basi mjomba, shikamoo, halafu sikiliza. Washington akiwa rais, makao ya serikali yalihamia Philadelphia, na aliandamana na watumwa wa kumhudumia nyumbani. Sheria ya Pennsylvania ilimpa mtumwa aliyekaa humo zaidi ya miezi sita nafasi ya kudai uhuru wake. Rais akahofia. Aprili 1791 akamwandikia katibu wake, Tobias Lear, kwamba watu hao warudishwe Virginia kabla muda haujatimia, na wapelekwe kwa kisingizio kitakachowadanganya wao pamoja na umma. Hayo si maneno ya adui zake, ni barua yake. Huyo ndiye mtoto asiyeweza kusema uongo.

Au chukua meno. Watoto huku wanaambiwa alikuwa na meno ya mbao, nao wanacheka, na kicheko kinaishia hapo. Hayakuwa ya mbao hata kidogo. Alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake, na meno ya bandia aliyotumia miaka yote ile yalitengenezwa kwa risasi, shaba, meno ya wanyama, pembe ya kiboko, na meno ya binadamu. Sisi Waswahili mnyama yule na ule mjeledi wa ngozi yake tumevipa jina moja, kwa hiyo tunaelewa zaidi ya wengine. Daftari la hesabu za nyumba yake la mwaka 1784 linaonyesha shilingi 122 walizolipwa watu weusi kwa meno tisa. Kama ni hayo hayo yaliyoingia mdomoni mwake, daftari halisemi. Lakini mtumwa anauzaje jino? Anakataaje? Ndiyo maana mbao inapendwa. Mbao haina mwenyewe.

Mtasema namchukia. Hapana. Wosia wake uliagiza watumwa 123 waliokuwa mali yake waachiwe huru, na wengi wa wenzake hawakufanya hivyo. Na mwaka 1797, baada ya vipindi viwili, aliondoka Ikulu kwa hiari yake, wakati hakuna sheria iliyomlazimisha. Mkitaka la kuwahadithia watoto, hilo lipo, tena lina karatasi. Ila naona Afrika yetu hilo halihadithiwi sana, sijui kwa nini.

Mwaka 2026 ni wa miaka 250 ya uhuru wao, kwa hiyo vishoka na dola vitawafikia kwa wingi kwenye simu zenu. Mimi watoto wangu nimewahadithia habari za Ona Judge, msichana aliyemhudumia mke wa Washington. Mei 1796, wenye nyumba wakiwa mezani wanakula chakula cha jioni, alitoka mlangoni kule Philadelphia, akapanda meli mpaka New Hampshire. Rais alitangaza zawadi, akatuma watu kumshawishi arudi, akakataa. Alifariki mwaka 1848, kisheria bado ni mtoro, na kwa maneno yake mwenyewe hakujuta.

Msalimieni bibi. Mjomba, hasira zikipoa nipigie.