Mashini nzima haiwezi kuitwa maiti: juu ya Windows 10, mega zetu na bei ya «mise à jour»

Tangu tarehe 14/10/2025, kampuni ya Microsoft haitume tena mizajuru za bure kwa mashini zote za Windows 10. Kwa mtu wa biro kubwa kule Bruxelles, hiyo ni kazi ya informatisie: wanabadilisha mashini, maisha inaendelea. Lakini hapa Butembo, Beni ao Bunia, kwa mama mwenye sekretaria pembeni ya soko, mashini moja njo inaandika barua za watu, inatosha kopi za diploma, inalipa nyumba na minervali ya watoto. Asubuhi anaiwasha, ekra inamuambia kama mashini yake haina masharti ya Windows 11. Haisemi afanye nini. Inamuonyesha paka mashini mpya za kununua.

Wandugu, tunaandika juu ya hii jambo sababu inazunguka mu kartie na maneno ya uongo mingi, na watu wanapoteza pesa.

Tuanze na ile inayosema «Windows 10 ilikufa, mashini itazimika». Hapana. Mashini inaendelea kuwaka, Word inafunguka, emprimante inatosha karatasi. Kitu kinachosimama ni kazi ya kuziba matundu. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft inatoa dawa ya matundu yaliyoonekana mu programu yake. Sasa kwa Windows 10 matundu yataendelea kuonekana, lakini dawa haitafika kwa mtu ambaye hakujiandikisha mu mupango wa kuongeza muda. Fundi akikuambia mashini itakufa kesho ili ununue yake leo, muulize akuonyeshe fasi gani imeandikwa.

Neno lingine ni lile la wale wanaosema: «Miye nilifunga mizajuru zote tangu zamani, na niko sawa.» Hawa tunawaelewa kabisa. Mutu hawezi kuwahukumu kama hajawahi kulipa mega kwa pesa ya mufuko wake. Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 inaomba kushusha zaidi ya giga 4. Mizajuru ya kawaida ya kila mwezi, peke yake, inaweza kula mega mia kadhaa. Kule Ulaya mtu analipa intaneti kwa mwezi na hahesabu. Siye tunanunua forfe ya siku, tunaunganisha mashini na telefone ili kutuma CV moja, na kumbe nyuma ya ekra mashini inavuta mizajuru kimya-kimya. CV haijaenda, forfe imeisha. Kiisha mtu anadhani ni kampuni ya telefone iliyomwibia.

Kisha kuna umeme. Mashini ikianza kuandika «Ne pas éteindre votre ordinateur» na asilimia inapanda polepole, 20, 27, 30, mwenye sekretaria anaangalia taa kuliko ekra. Umeme ukikatika pale na hakuna ondulere, ao batri ya mashini ilikufa zamani, anaweza kukuta mashini inazunguka tu, haifiki ku biro yake. Wateja wako ku mulango na kle mu mukono. Mmoja ana dosie ya kupeleka mbele ya saa sita. Basi siku inayofuata yule mama anaita kijana wa kartie, anamupa franka kidogo, anamuambia: «Funga hii bintu, isirudie tena.» Ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Anakinga kazi yake ya leo.

Na si siye peke yetu tunaonyimwa haki ya kusema hapana. Mu 2016, wakati Microsoft ilikuwa inasukuma watu waingie ku Windows 10, ilifika mpaka pale mtu akibonyeza ile alama ya X nyekundu ili kufunga tangazo, mashini ilihesabu kama amekubali. Mama mmoja wa California mwenye ajensi ya safari aliona mashini yake ya kazi inakuwa nzito na kuanguka-anguka nyuma ya mabadiliko ambayo hakuomba. Alikwenda mbele ya tribinali, akapewa dola 10.000. Kampuni ilisema haina kosa, ikaacha rufaa na kulipa ili isiendelee kutumia pesa ku kesi. Mu mwezi wa 10 wa 2018 mizajuru nyingine ya Windows 10 ilisimamishwa haraka sababu ilikuwa inafuta dokima za watu fulani. Kwa hiyo mtu akiogopa mizajuru, musimwite mujinga.

Lakini inapashwa tuseme upande mwingine pia, hata kama haupendezi. Tarehe 12/05/2017 virusi iliyoitwa WannaCry ilifunga mashini zaidi ya 200.000 mu inchi karibu 150. Ilikuwa inafunga fichie zako na kukuomba pesa ili uzione tena. Hospitali za leta kule Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa ya lile tundu ilikuwa imekwisha kutoka tarehe 14/03/2017, karibu miezi mbili mbele. Wengi walioangushwa walikuwa bado kuiweka.

Sasa angalia kazi ya sekretaria. Kle za watu makumi zinaingia mu mashini moja kila siku. Kila mtu hapa anajua ile virusi inayoficha madosie yako na kukuachia vifupisho tupu. Mu ile mashini mnabaki skani za karata ya elektere, diploma, kontra za kazi, karatasi za kiwanja, barua za tribinali. Mwenye sekretaria akifunga mizajuru, anayepata hatari kwanza si yeye, ni mteja ambaye hakuulizwa. Tunasema hivi kwa heshima yote: kufunga mizajuru kwa milele si dawa. Ni kuhamisha deni kwa mwingine.

Kwa hiyo tumuulize mwenye kuweka masharti. Windows 11 inaomba prosesere ya miaka ya karibu: kwa Intel, kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mu 2017. Inaomba pia kipande kinachoitwa TPM 2.0 cha kulinda funguo za siri. Mashini nyingi za okazio zinazofika hapa kutoka Dubai ao kupitia Kampala ni za mbele ya pale. Mtu amelipa dola 150 ao 200 kwa mashini yenye i5 ya kizazi cha 4 ao cha 6, disiki nzuri, giga 8 za memware. Inafanya kazi yote ya birotike bila kulalamika. Haina kasoro ya kumuzuia mtu kuandika. Imekataliwa ku liste, basi. Microsoft inasema ni kwa ajili ya usalama, na TPM ina faida ya kweli. Lakini tangu lini usalama wa mtu ni kumuachia mashini yake bila dawa?

Ile njia waliyotoa, tuiseme vizuri ili watu wajue. Kwa mashini ya mtu binafsi, unaweza kujiandikisha upate mizajuru za usalama mpaka tarehe 13/10/2026. Unalipa dola 30, na ile dola 30 inaweza kufunika mashini mpaka 10 za konti moja. Ao haulipi kitu, kama unakubali kuunganisha mashini na konti ya Microsoft na kuhifadhi reglaji zako kwao. Inapatikana mu Paramètres, fasi ya Windows Update, kama mashini iko ku version 22H2. Mwenye kuweza afanye leo. Lakini dola 30 inalipwa kwa karte ya banki ya mu intaneti, na siye wengi tunalipa kwa telefone. Na ile ya bure inaomba mtu atoe habari zake ili apate kinga ya kitu alichokwisha kununua.

Njo hapa kuna jambo linalotuumiza. Mu mwezi wa 9 wa 2025, nyuma ya malalamiko ya shirika la watumiaji Euroconsumers, Microsoft ililegeza masharti: watu wa inchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norvège, Islande na Liechtenstein, wanapata huo mwaka mmoja bure, bila kulazimishwa kuhifadhi reglaji zao. Konti tu, na kuingia mara moja mu siku 60. Ni vizuri kwao, walisimama wakadai. Lakini inaonyesha kama ile sharti haikuwa ya ufundi. Kama ingekuwa ya ufundi, isingeondoka kwa barua. Iliondoka juu kuna watu waliokuwa na sheria mu mukono na shirika la kuisoma kwa sauti.

Siye huku hatumo ku ile liste. Koltani inayotoka mu milima ya Masisi inatoa tantali inayoingia mu kondansatere za mashini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, na inaingia mu batri za mashini za kubeba. Kila mashini nzima inayotupwa kwa sababu ya liste, kuna shimo lingine linachimbwa ili kutengeneza ya pili. Mu 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na chini ya robo njo iliandikwa kama imekusanywa na kutengenezwa upya vizuri. Mashini ambazo biro za Ulaya zinaacha sasa hazitapotea hewani. Zingine zitakuja hapa mu kontenere, zitauzwa kwetu kama «propre sana», na mwenye kununua atakuta ile ile ekra: masharti hayajatimia. Zingine zitatolewa kama zawadi kwa shule. Mudirekta anayepokea zawadi kama hiyo asione aibu kuuliza, mbele ya kupiga picha na wafadhili: hii mashini itapata mizajuru mpaka mwaka gani?

Mashini ambayo haiwezi kupanda Windows 11 iko na njia nyingine, na hatutaki kuisifu kupita kiasi. Linux Mint ao Ubuntu inaingia bure ku mashini nyingi za zamani, na giga 4 za memware zinatosha kwa kazi ya kawaida. (Jina Ubuntu lilitoka Afrika ya Kusini, na mtu yeyote wa kwetu anasikia ndani yake neno utu. Inachekesha kidogo kama siye njo wa mwisho kuitumia.) Mint inakuonyesha liste ya mizajuru, wewe njo unabonyeza. LibreOffice inafungua dokima za Word, lakini mara zingine mistari inasogea, na mteja atalalamika. Programu fulani za kontabilite haziingii, na Excel yenye makro inaweza kugoma. Emprimante nyingi zinakubali, zingine zinasumbua siku nzima. Jaribu kwanza kutoka ku kle bila kufuta kitu. Tena kopi fichie zako zote ku disiki ya inje, bila hiyo usianze.

Kwa wanaobaki ku Windows, kuna mambo mbili madogo ambayo mafundi wetu hawaelezi watu. Mu reglaji za Wi-Fi, weka «Connexion limitée» ku ile ya telefone: mashini itaacha kuvuta mizajuru nyingi bila ruhusa. Na kama uko na mashini tatu mu sekretaria moja, tafuta «Optimisation de la distribution» na ukubali zipeane mizajuru ku rezo yenu ya ndani. Angalia tu isiwe wazi kwa mashini za intaneti yote, sababu pale ni mega zako zinazotoka kwenda kusaidia mtu usiyemujua.

Lakini haifai mzigo wote ubaki ku mugongo wa mama wa sekretaria. Microsoft ipashwe kutupa masharti ile ile iliyopa watu wa Ulaya, na muda mrefu kuliko mwaka mmoja. Leta yetu iko na Kode ya numerike tangu tarehe 13/03/2023; madepite waifungue na waongeze swali la muda wa maisha ya mashini zinazouzwa mu inchi. Na mbele ya kudai kwa wengine, komine, divizyo za mikoa, hospitali za leta na tribinali ziseme wazi: ziko na mashini ngapi za Windows 10 zinazoshika majina, kesi na magonjwa ya wanainchi, ngapi zilijiandikishwa kupata dawa, na nani mu kila biro amepewa ile kazi. Tunaomba kila kikundi chetu ku kila mji kipeleke hii barua ku biro moja, kidai akize ya kupokea, na kitutumie jibu ao ukimya waliopewa.